Miezi tisa na mashine ya kubebeka ya Doppler: namba ya kasi ya damu inaaminika kiasi gani?

Mashine ninayoieleza hapa ni ya ultrasaundi, ya kubebeka, yenye umbo la kompyuta mpakato iliyonenepa, na ililetwa katika kitengo chetu kwa kazi moja hasa: kupima kasi ya damu ndani ya mishipa kwa njia ya Doppler. Kwa picha za kawaida za ini, figo na viungo vingine tulikuwa tayari na mashine kubwa inayotutosha. Nimeitumia hii mpya kwa miezi tisa, karibu kila siku ya kazi, kwenye shingo, miguu, mimba, moyo na kichwa. Jina la mtengenezaji sitalitaja, kwa sababu kasoro nitakazozieleza zimo katika namna programu ilivyopangwa, na baadhi yake nimezikuta, kwa viwango tofauti, katika mashine nyingine za daraja hili. Anayetafuta mashine afadhali ajue kasoro yenyewe inavyofanana ili aitambue popote atakapokutana nayo.

Mambo ya nje nitayapita haraka, kwa kuwa hayana tatizo. Betri inahimili zamu ya asubuhi yote, skrini inasomeka hata chumba kikiwa na mwanga, nyaya za probu, yaani kipande kinachoshikwa juu ya mwili wa mgonjwa, ni imara, na mashine inawaka upesi kiasi kwamba mgonjwa wa dharura hasubirishwi. Probu zilizokuja nayo ni tatu: ya bapa kwa mishipa ya juujuu, ya mviringo kwa tumbo na mimba, na ndogo ya kupenya kati ya mbavu kwa ajili ya moyo, ambayo ndiyo pia inayotumika kupima kichwa kupitia mfupa wa panja, ubavuni mwa kichwa.

Kinachopimwa hasa si damu yenyewe bali badiliko la masafa ya mwangwi unaorudi kutoka kwa chembe nyekundu zinazotembea. Christian Doppler alieleza kanuni hiyo mjini Prague mwaka 1842 alipokuwa akizungumzia rangi za nyota pacha, na zaidi ya miaka mia moja ilipita kabla ya Shigeo Satomura wa Osaka kuitumia, katika miaka ya 1950, kusikiliza moyo unavyosogea. Kwa bahati njema, hesabu yake inaangukia katika masikio yetu: ukituma mawimbi ya megahezi 5 kuelekea damu inayokwenda mita 1 kwa sekunde, kwa pembe ya digrii 60, badiliko linalorudi ni takriban hezi 3250, yaani sauti ambayo sikio la kawaida linaisikia bila shida. Ndiyo maana naanza sifa za mashine hii na spika yake. Sauti ni safi, sikio la kushoto na la kulia la msikilizaji hupokea sauti ya damu inayokuja na inayokwenda kila moja upande wake, na mshipa uliobanwa hujitangaza kwa mluzi mkali kabla jicho halijaona chochote katika spektra, yaani grafu ya kasi inayochorwa kwenye skrini. Mara nyingi nimesogeza geti la kupimia, yaani alama ya mahali kasi inaposomwa ndani ya mshipa, milimita mbili tatu kwa kufuata sikio peke yake, nikaipata kasi ya juu kabisa ambayo macho yalikuwa yameiruka.

Jambo lililonifanya niandike tathmini hii, hata hivyo, ni pembe.

Mashine yoyote ya Doppler hupima sehemu tu ya mwendo, ile inayoelekea kwenye probu au kuondoka kwake, na ili kupata kasi kamili inaigawanya kwa kosaini ya pembe iliyopo kati ya mwale wa sauti na mwelekeo wa damu. Pembe hiyo mashine haiijui. Huambiwa na mtumiaji, kwa kuzungusha mstari mdogo juu ya picha mpaka ulale sambamba na mshipa. Mstari ukilala vibaya kwa digrii 5, madhara yake hutegemea ulikuwa wapi: kwenye digrii 30 kosa ni kama asilimia 5, kwenye digrii 60 linafika karibu asilimia 15, na kwenye digrii 80 namba inaweza kupungua kwa nusu nzima. Kwa mtu anayepima ateri ya karotidi, mshipa mkubwa wa shingoni unaopeleka damu kichwani, hili si suala la nadharia. Katika mapendekezo ya wataalamu wa Marekani yaliyochapishwa mwaka 2003, ambayo vitengo vingi vimeyafuata, kasi ya juu ya sentimita 125 kwa sekunde huashiria mbano wa asilimia 50 au zaidi, na sentimita 230 huashiria asilimia 70 au zaidi, ambako ndiko mazungumzo ya upasuaji yanaanzia. Mshipa ambao damu yake inakwenda sentimita 205 kwa pembe halisi ya 55, ukipimwa huku mstari umewekwa kwenye 60, utasomeka 235. Mgonjwa amevuka mpaka bila ugonjwa wake kuongezeka hata kidogo.

Sasa, katika skrini ya mashine hii kasi imeandikwa kwa tarakimu kubwa nyeupe, zenye fremu, upande wa juu kulia, ilhali pembe iliyozaa namba hiyo imeandikwa chini kabisa, kwa rangi ya kijivu, katikati ya orodha ya mipangilio mingine kumi. Ukituma picha kwenye kumbukumbu za hospitali ikiwa imebanwa kidogo, pembe haisomeki kabisa. Naliona hili kuwa kosa kubwa la usanifu, kwa sababu daktari anayepokea picha hana njia ya kujua kama 235 ile ilipimwa kwa uangalifu au kwa pupa. Pembe ingepaswa kukaa ubavuni mwa kasi, kwa ukubwa uleule, kwa kuwa namba hizo mbili ni kauli moja.

Kuna pia kitufe cha pembe ya kujiwekea. Ukikibonyeza, programu inatafuta kuta za mshipa na kuulaza mstari yenyewe. Katika mshipa ulionyooka, wenye kuta zinazoonekana vizuri, kazi yake ni nzuri na inaokoa muda. Nimelinganisha mstari wake na wangu mara nyingi na tofauti haikuwa ya kujali. Lakini pale mshipa unapopinda, au bonge la mafuta linapousukuma mkondo upande, damu haiendi sambamba na ukuta, na hapo ndipo mahali ambapo mbano hupenda kukaa. Programu haina shaka hata kidogo katika mazingira hayo. Inaweka mstari kwa uhakika uleule iliouonyesha kwenye mshipa mnyoofu, bila alama yoyote ya kumtahadharisha mtumiaji.

Ili nisitegemee hisia, niliazima kifaa cha majaribio kilicho na uzi unaozungushwa na mota kwa kasi inayojulikana, ndani ya kimiminika kilichochanganywa ili sauti ipite kwa mita 1540 kwa sekunde, kasi ambayo mashine zote huichukulia kuwa ndiyo ya tishu za mwili. Uzi ni shahidi mzuri kwa kuwa hauna mkondo wa katikati na wa pembeni kama damu. Wote unakwenda kwa kasi moja. Kwa pembe ndogo, mashine ilisoma karibu sana na kasi ya mota. Kadiri nilivyoiongeza pembe, kasi ya juu iliyosomwa ilizidi kupanda kuliko ukweli: kwenye digrii 45 kwa kiasi kidogo, kwenye 60 kwa kiasi cha kuonekana wazi, na kwenye 70 kwa kiasi ambacho nisingekubali kukiandika katika ripoti ya mtu. Wastani wa spektra, kwa upande wake, ulibaki karibu na kasi ya uzi muda wote.

Tabia hii ina sababu inayoeleweka. Probu ya bapa husikiliza kwa kutumia safu pana ya vipande vyake, na kila kipande kinauona uzi kwa pembe yake. Vile vinavyouona kwa pembe ndogo hurudisha badiliko kubwa zaidi la masafa, nalo huvuta ukingo wa juu wa spektra. Probu zote za aina hiyo zina ugonjwa huo kwa kiasi fulani, kwa hiyo sitaihukumu mashine moja kwa jambo linalotokana na maumbile ya kipimo. Ninachodai ni kwamba mwongozo wa matumizi uliseme. Mwongozo wa mashine hii una kurasa nyingi za namna ya kubadilisha rangi za skrini na hauna hata aya moja kuhusu kuzidishwa kwa kasi ya juu. Tangu jaribio lile tumekubaliana katika kitengo kwamba karotidi itapimwa kwa pembe kati ya 45 na 60, kwamba hatutapita 60 kwa hali yoyote, na kwamba mgonjwa anayerudi kufuatiliwa atapimwa kwa pembe ileile ya mwanzo, ili badiliko litakaloonekana liwe la mshipa wake.

Kwa moyo, habari ni tofauti. Pale tatizo ni kina na kasi kwa pamoja. Doppler ya mapigo hutuma pigo, husubiri mwangwi, kisha hutuma jingine, na haiwezi kutuma la pili kabla la kwanza halijarudi. Kwa kina cha sentimita 10 safari ya kwenda na kurudi huchukua takriban mikrosekunde 130, yaani sehemu 130 za sekunde iliyogawanywa mara milioni moja, hivyo mapigo hayawezi kuzidi kama 7700 kwa sekunde, na badiliko la masafa linaloweza kusomwa bila utata ni nusu ya hapo. Kwa mawimbi ya megahezi 2.5 yanayokutana na damu uso kwa uso, kikomo hicho ni karibu mita 1.2 kwa sekunde tu. Damu inayozidi hapo hukatwa juu ya spektra na kuchomoza chini, kana kwamba imegeuka inarudi ilikotoka. Vali ya aota iliyobana sana hupitisha damu kwa mita 4 kwa sekunde au zaidi, kwa hiyo lazima mtumiaji ahamie kwenye Doppler endelevu, ambayo hutuma na kupokea bila kupumzika, haina kikomo hicho, lakini pia haiwezi kusema kasi hiyo imetoka kina kipi.

Mashine inayo Doppler endelevu, tena nzuri. Bahasha ya spektra, yaani mstari wa ukingo wake, ni kali, kelele ni chache, na kuhama kutoka njia moja hadi nyingine ni kubonyeza mara moja. Upungufu wake ni kwamba haikuletwa na probu nyembamba kama kalamu, isiyotoa picha, ambayo wapimaji wa moyo huitegemea kuusaka mkondo wa vali ya aota kutoka ukingo wa kulia wa kifua na juu ya mfupa wa kifua, mahali ambapo probu yenye picha haikai vizuri. Katika moyo hatuzungushi mstari wa pembe. Tunahangaika kutafuta dirisha ambalo mwale na mkondo vinakwenda njia moja, na kasi kubwa kuliko zote tuliyoipata ndiyo tunayoiamini. Hasara ya kulikosa dirisha hilo huongezeka upesi, kwa kuwa tofauti ya shinikizo hukadiriwa kwa kuzidisha mraba wa kasi kwa nne: mita 4 kwa sekunde ni milimita 64 za zebaki, na mita 3.5 ni 49 tu. Nilipouliza kama probu hiyo inaweza kuagizwa peke yake, nilijibiwa kwamba mashine haina tundu la kuichomeka. Kwa kitengo ambacho kazi yake kuu ni vali za moyo, jibu hilo pekee lingetosha kuwafanya watafute mashine nyingine.

Katika mimba mashine hii ilinipa fadhaa ambayo bado naikumbuka. Mama mmoja aliletwa kwa sababu mtoto alionekana kuwa mdogo kuliko umri wa mimba, na swali lilikuwa kama kondo la nyuma linapitisha damu ipasavyo. Jibu hutafutwa katika ateri ya kiungamwana, yaani ya kamba ya kitovu: damu inapaswa kuendelea kusonga mbele hata moyo wa mtoto unapolegea, na ikikoma katika kipindi hicho ni dalili nzito inayoweza kubadilisha mpango mzima wa uzazi. Spektra iliyotokea mbele yangu ilikuwa na vilele vizuri, na kati yake weusi mtupu. Mkono wangu ulikuwa tayari unakwenda kwenye kitufe cha kuhifadhi picha nilipoona, katika ile orodha ya kijivu, kwamba chujio la ukuta lilikuwa kwenye hezi 200. Mgonjwa aliyetangulia alipimwa mguu, na mashine ilikuwa imebeba chujio lake hadi kwenye mpangilio wa mimba.

Chujio hilo lina kazi ya haki, nayo ni kufuta mwangwi mzito wa kuta za mshipa zinazotikisika polepole. Lakini halibagui. Kwa mawimbi ya megahezi 3 na pembe ya 45, hezi 200 ni sawa na takriban sentimita 7 kwa sekunde, na kila kinachotembea polepole kuliko hapo hufutwa, pamoja na damu ileile niliyokuwa naitafuta. Nilipolishusha hadi hezi 60, damu ilijitokeza chini ya kila kilele, kidogo lakini bila kukatika. Mama yule hakujua kwamba kwa dakika nzima nilikuwa nimeshika habari isiyo ya kweli kuhusu mtoto wake. Mpangilio wa mimba unaorithi chujio la mguu ni kasoro ya usalama, nami nimeiandika hivyo, kwa maneno hayohayo, katika taarifa tuliyompelekea mtengenezaji. Kwingineko mimba ndiyo sehemu ambayo mashine inasamehe zaidi, kwa kuwa vipimo vikuu vya kiungamwana ni uwiano wa kilele na bonde, na pembe ikiwa na kosa hulibeba kosa hilo juu na chini, likajifuta katika kugawanya. Kiashiria cha joto nacho kimewekwa mahali panapoonekana, jambo ninalolipongeza kwa dhati, maana Doppler ya mapigo hukusanya nguvu mahali pamoja, na kwa mimba changa inafaa kukaa chini ya 1.0 na kupima kwa muda mfupi tu pale penye sababu.

Kuhusu uchoraji wa bahasha kwa kujiendesha nitasema machache. Ukuzaji wa mawimbi ukiwa wa wastani, programu inafuata kilele vizuri; ukiongezwa, inapanda juu ya kelele na kuzihesabu kuwa damu. Rangi ambazo mashine huzipaka juu ya damu inayotembea ni nzuri kwa kuonyesha njia na kuchagua mahali pa kuweka geti, lakini mtumiaji mgeni akumbuke kwamba rangi hubeba wastani wa kasi katika kila nukta, kwa hiyo hazitoi kasi ya juu hata zing'are namna gani.

Limebaki suala la kichwa, na ndilo ninalolipa uzito kuliko yote. Watoto wenye selimundu hupimwa kasi ya damu katika mishipa mikubwa ya ubongo ili kuwatambua walio katika hatari ya kiharusi kabla hakijatokea. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1998 ulionyesha kwamba watoto ambao wastani wa kasi ya juu ulifika sentimita 200 kwa sekunde au zaidi walikingwa kwa kiasi kikubwa sana walipoongezewa damu mara kwa mara. Chini ya 170 huhesabiwa kuwa kawaida, na kati ya hapo mtoto hufuatiliwa kwa karibu. Mipaka hiyo ilipatikana kwa vifaa visivyotoa picha, ambavyo kwavyo pembe ilichukuliwa kuwa sifuri. Kwa hiyo anayetumia mashine yenye picha hapaswi kurekebisha pembe kabisa anapolinganisha namba yake na mipaka hiyo, hata kama mshipa unaonekana umelala mbele yake na mkono unamwasha kuuwekea mstari.

Mpangilio wa kichwa wa mashine hii huja ukiwa na marekebisho ya pembe yamewashwa. Kile kitufe cha kujiwekea hufanya kazi bila kuombwa, na ukikizima, kinawaka tena mashine inapowashwa siku ya pili. Mtoto mwenye kasi ya 160, ambaye hana sababu ya kuhofiwa, akiwekewa pembe ya digrii 40 atasomeka 209. Namba hiyo ingempeleka kwenye miaka ya kuongezewa damu, pamoja na madini ya chuma yanayorundikana mwilini na safari zisizokwisha za hospitali, kwa sababu ya mstari ambao hakuna aliyeuomba. Tuligundua hili mapema, kwa kulinganisha watoto watatu wa kwanza na kifaa chetu cha zamani kisicho na picha, na hakuna ripoti iliyotoka kabla ya hapo. Mtengenezaji alikubali kasoro na akatuma programu mpya mwezi wa sita. Hiyo imerekebisha chujio la mimba. Nimelijaribu mara nyingi na halirithiwi tena. Pembe ya kichwa bado inajiwasha.

Kwa shingo, miguu na mimba, ikiwa mikononi mwa mtu anayeitazama ile orodha ya kijivu kabla ya kuitazama namba nyeupe, ningeichagua tena mashine hii leo. Watoto wa selimundu tumewarudisha kwenye kifaa cha zamani, na watabaki huko mpaka programu nyingine ije na niipime mwenyewe.